Namna ya Kujiandaa kwa Mjadala wa Bima ya Afya ya Serikali Nchini Kenya

Mjadala kuhusu SHA, mamlaka inayosimamia bima ya afya ya serikali, mara nyingi hukwama pale pale unapoanzia: mmoja anasema serikali inatunyang'anya pesa, mwingine anajibu kwamba NHIF, mfuko wa bima uliotangulia, ilikuwa mbaya zaidi, kisha kila mtu anashika njia yake. Anayetaka kusikilizwa katika baraza la chifu, mkutano wa chama au mbele ya kamati ya Bunge hana budi kujiandaa vyema kuliko hivyo, kwa sababu jambo linalojadiliwa ni nani atatibiwa na nani atarudi nyumbani na maradhi yake.

Anza na hesabu kabla ya siasa. Chukua hati ya mshahara, tazama jumla ya mshahara kabla ya makato, kisha utafute asilimia 2.75 yake, ndiyo makato ya SHA. Mfanyakazi wa shilingi 20,000 kwa mwezi alikuwa akikatwa 750 na NHIF, na sasa anakatwa 550. Wa 50,000 amepanda kutoka 1,200 hadi 1,375, na wa 100,000 ametoka 1,700, kiwango cha juu kabisa cha zamani, akafika 2,750. Kwa hiyo si kweli kwamba mzigo umeongezeka kwa kila mtu. Kwangu mimi, kukata kwa asilimia bila kikomo ni haki, na ningeutetea msingi huo popote.

Baada ya hapo, hakikisha unajua ni mfuko upi unaozungumziwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda mifuko mitatu: wa afya ya msingi, unaotegemea Hazina ya Kitaifa na kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, wa bima yenyewe, SHIF, unaotegemea michango yetu, na wa dharura na magonjwa sugu, unaochukua nafasi pale bima inapofika mwisho. Akisema mtu kuwa "SHA haikulipa", muulize kwanza alitibiwa wapi na kwa ugonjwa gani.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi ni ya watu wasio na mshahara wa mwezi. Keti na mama mboga kibandani pake anapojisajili, usome maswali pamoja naye: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, jikoni hutumia nini, watu wangapi wanaitegemea nyumba hiyo. Kutokana na majibu hayo mfumo humkadiria kipato na kumpangia mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600, zinazotakiwa mapema na kwa mkupuo. Chini ya NHIF alitoa 500 kila mwezi. Ukitazama jumla, aliyepangiwa kiwango cha chini analipa pesa kidogo kuliko zamani, na bado anashindwa, kwa kuwa mapato yake ya leo ndiyo mtaji wa kesho alfajiri sokoni. Kosa liko katika wakati wa kulipa kuliko katika kiasi. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa mchango huo kidogo kidogo, ni ishara kwamba hata serikali imeuona ugumu huo. Uliza masharti yake hadharani, na uliza pia aliyekadiriwa juu ya uwezo wake ana njia gani ya kudai apimwe upya. Hoja hii ndiyo ningeibeba mimi kama ningepewa dakika tatu tu.

Wapinzani wa bima ya serikali watataja uaminifu, na wana haki. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyotolewa mwaka 2025 ilieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Usilikwepe jambo hilo hata kama unaunga mkono bima hii. Dai uwazi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa anayeumia mfuko ukivuja ni mgonjwa asiye na bima nyingine.

Mwishowe, andika. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizibatilisha sheria tatu za afya za mwaka 2023, ikiwemo hii ya bima, moja ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi huo, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Maoni yaliyoandikwa hubaki kuwa ushahidi hata mkutano ukisahaulika. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge, basi usione haya kukitumia. Weka hesabu zako katika ukurasa wa kwanza, taja kifungu cha 43 kuhusu haki ya afya, toa nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa.