Wiki sita na mtu wa kuigwa: namna ya kuandaa mpango wa vijana mtaani, Tabora

Kijana wa kijiwe cha bodaboda hakosi watu wa kuiga. Anao tele kwenye simu, na kila mmoja anamwonyesha gari, nyumba na namna ya kupata pesa ya haraka. Asiyemwona ni yule anayefanya kazi ya watu bila kulipwa, maana mtu wa namna hiyo hajitangazi, na usemi kwamba kizuri chajiuza umepitwa mahali ambapo kibaya kinajitembeza kwa bando la wiki nzima. Hapo mahubiri juu ya umuhimu wa kujitolea hayasaidii. Kinachosaidia ni kumweka kijana karibu na kazi yenyewe mpaka aone inagharimu nini na kwa nini mtu anakubali kuilipia.

Kumtafuta mhusika, yaani mtu wa kuigwa

Usianze na jina kubwa. Tabora inalo la karibu kabisa: Nyerere alisoma Tabora School kuanzia 1937, baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa mjini kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Ukianza naye, vijana watasema "yule alikuwa Mwalimu bwana", na mjadala utafungwa hapo. Mwache kwanza, zamu yake inakuja wiki ya nne. Anza na mtu ambaye kijana anaweza kukutana naye kesho akiwa na ndoo ya maji.

Mtafute kati ya wanaoosha maiti na wanaofika msibani wa kwanza wakiwa na koleo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mweka hazina wa kikoba ambaye sanduku lake halijawahi kupungua, mwalimu mstaafu anayewafundisha watoto hesabu chini ya mwembe, fundi baiskeli anayechukua wanagenzi bila ada. Ukipata jina, nenda nyumba tatu za jirani, kila moja peke yake, uulize maswali manne:

1. Nani amesaidiwa naye na hana cha kumrudishia?
2. Kazi hiyo imempotezea nini?
3. Akiugua au akisafiri, nani anaishika?
4. Nyumbani kwake wanasemaje?

Swali la kwanza linamtenga na mwenye kutoa kwa hesabu ya kura au ya wateja. La tatu likijibiwa "hakuna", usimwache, ila ujue amejifanya nguzo pekee, na vijana wajifunze kazi yake kwa nia ya kumpokea. La nne ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloharibu mipango mingi. Mtu anayezunguka mtaa mzima akisaidia, huku mkewe anakopa unga dukani na watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa daftari, hafai kwa kazi hii. Vijana wana macho makali kwa jambo hilo kuliko wazee. Kwa hiyo ongea na wa nyumbani kwake kabla yeye hajakubali, na wakisita, tafuta mwingine.

Watu, muda na ruhusa

Chukua vijana 8 hadi 12. Wakizidi hapo, kikao kinageuka mkutano wa hadhara, na mhusika ataanza kuhutubia. Umri wa miaka 16 hadi 25 unafaa. Aliye chini ya miaka 18 aje na ridhaa ya mzazi, na asibaki na mtu mzima mmoja chumbani au nyumbani. Wawe wawili wawili siku zote. Mweleze mwenyekiti wa mtaa kwa mdomo na mtendaji wa kata kwa barua. Ukiruka hatua hii, utaitwa ofisini wiki ya pili kueleza unakusanya vijana kwa ajili ya nani.

Dereva wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki kila siku, kwa hiyo usimwite saa za abiria wengi. Jumapili saa 9 alasiri huwa shwari. Ramadhani ikiingia katikati, hamishia asubuhi na uondoe chai. Vijijini Uyui, Sikonge au Urambo usianze msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, watu wakiwa kwenye mahindi na tumbaku. Juni ni nafuu.

Bajeti ni ndogo. Kwa watu 12 kikao kimoja: sukari nusu kilo, majani ya chai, na kilo moja ya karanga au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. (Matobolwa yanakaa tumboni, na wazee wakiyaona wanalegea.) Mhusika arudishiwe nauli yake, basi. Ukimpa posho, umeshamgeuza mtoa mada, na vijana nao wataanza kuuliza yao iko wapi.

Wiki zenyewe

Wiki ya kwanza hotuba ni marufuku. Vijana wanakwenda wawili wawili kumfuata mhusika kazini kwake kwa saa mbili, wakitazama na kubeba mizigo. Wiki ya pili wanashika wenyewe: wanachimba, wanaandika daftari la kikoba akiwatazama, wanasomesha watoto jedwali la saba. Atakayechoka na kuondoka wiki hii asibembelezwe.

Wiki ya tatu ndiyo moyo wa mpango, ipe muda. Leta karatasi kubwa na kalamu nene, mfanye hesabu ya mhusika mbele yake. Tuseme anatoa saa 6 kwa wiki: kwa wiki 52 ni saa 312, yaani siku 39 za kazi ya saa nane. Vocha ya 1,000 kila wiki ni shilingi 52,000 kwa mwaka. Ongeza nauli, sabuni, tairi la baiskeli. Kisha kila kijana ageuze siku zile 39 kuwa kipato chake mwenyewe: mwendesha bodaboda kwa siku zake, mama lishe kwa sahani zake. Watanyamaza kidogo, waache wanyamaze. Halafu mhusika aulizwe swali moja tu: kwa nini unaendelea? Jibu fupi lenye kusitasita lina nguvu kuliko hotuba.

Kijana akisema kazi hiyo ilipaswa kulipwa na serikali au na shirika, usimzime. Mara nyingi anasema kweli. Kuna kujitolea, na kuna watu kutumikishwa bure kwa jina la kujitolea. Chora mstari katikati ya karatasi, mpange kila kazi upande wake.

Wiki ya nne mwingize Nyerere, pamoja na hoja kwamba dunia imebadilika. Toa mambo mawili yanayopimika: mwaka 1955, akiwa mwalimu Pugu, alitakiwa achague kati ya kufundisha na siasa, akaacha ajira; na mwaka 1966, akiwa Rais, alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha orodhesha masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, 1967: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Eleza pia kwamba CCM ililegeza masharti hayo Zanzibar mwaka 1991. Waulize ni sharti lipi wangelidai kwa mweka hazina wao wa kikoba leo, na lipi ni la kumwonea. Wengi hufuta la nyumba na kung'ang'ania mengine, na ubishi wao una faida kuliko makubaliano.

Wiki ya tano kila jozi ichague kazi isiyozidi saa mbili kwa wiki, ya kufanya kwa wiki nne: kumsindikiza mzee kliniki, kufagia kuzunguka gati la kuchotea maji, kumsomesha mtoto mmoja. Kazi kubwa hufa haraka. Ya sita wanaleta ripoti ya walipofikia, na mhusika ndiye anayeuliza maswali.

Panapoharibika

Mwanasiasa atajitokeza na fulana au soda. Mshukuru, mwambie kikao hakipokei wageni, hasa mwaka wa uchaguzi. Picha zisirushwe mtandaoni kabla ya wiki ya sita. Zikitoka mapema, mhusika anaanza kuishi kwa ajili ya picha. Usimsifu kupita kiasi mbele yake wala nyuma yake, kwani sifa zikizidi, kosa dogo litaonekana unafiki. Na likitokea kosa kubwa, mathalani fedha kupotea, simamisha mpango na uwaambie vijana wiki hiyo hiyo. Watasikia kijiweni tu, tena kwa chumvi.

Baada ya miezi mitatu pita bila kutoa taarifa, uhesabu wanaoendelea pasipo kukumbushwa. Wawili katika kumi si haba. Hao wape daftari la majina na maswali manne, wamtafute mtu wa awamu inayofuata wenyewe.