Jinsi ya kuzitembelea Lexington na Concord

Wageni wangu kutoka Mombasa huwa nawaamsha usiku, tufike Lexington, mji ulio karibu na Boston, Marekani, saa kumi na moja alfajiri, maana risasi za kwanza za vita vya uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza, Aprili 19, 1775, zililia wakati huo. Upime kwa hatua uwanja zilipolia. Ni mdogo mno! Wanamgambo 77 hivi wa Kapteni John Parker walisimama hapo mbele ya mamia ya askari wa Uingereza; upande wa wanamgambo waliuawa 8. Kisha nenda kwenye jiwe la Prince Estabrook, mbele ya Buckman Tavern, nyumba ya wageni ya zamani. Alikuwa mtumwa, mweusi kama sisi, akajeruhiwa hapa akipigania uhuru ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Jina lake mimi hulisoma kwa sauti.

Concord, mji wa jirani walikopigana tena siku hiyo, nenda kwa gari. Kwenye daraja la North Bridge, kando ya ukuta wa mawe, wamezikwa askari wa Kiingereza. Wasomee dua nao, walikuwa watoto wa watu.

Kurudi, shika njia ya Battle Road kwa miguu, na viatu vya matope. Ukifika penye kona, chutama nyuma ya mawe: utaona jinsi askari wa Uingereza waliorudi Boston kwa njia hii, wakipigwa risasi na wanamgambo, walivyokosa pa kujificha.