Bunduki ya maonyesho ya Lee-Enfield: kuchagua vipande na kuviunganisha

Bunduki inayoelezwa hapa ni ya jukwaani na ya kabati la makumbusho. Haipigi, haina mtutu wenye tundu, na hakuna kinachosogea ndani yake. Mfano wake ni Short Magazine Lee-Enfield ya Waingereza, silaha iliyobebwa na askari wa King's African Rifles walipopigana na Waitaliano kule Ethiopia mwaka 1941. Kwa seremala ni bunduki rahisi kuigwa kuliko nyingi za zama zake, kwa kuwa mtutu wake karibu wote umefunikwa na mbao. Mtazamaji anaona mbao, pua, magazini (kisanduku cha risasi) na bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu). Hivyo vinne vikikaa sawa, kazi imekaa sawa.

1. Amua toleo kabla ya kununua chochote

Mk III ilianza mwaka 1907. Ina bati la kuzuia risasi za magazini upande wa kulia na vilengeo vya ziada vya masafa marefu upande wa kushoto. Mk III*, yaani yenye nyota, ilikuja katikati ya Vita vya Kwanza ili kurahisisha uzalishaji viwandani, na vitu hivyo viliondolewa. Chagua yenye nyota: vipande ni vichache, na inafaa kwa mchezo wa vita vyote viwili, mradi si tukio la 1914.

Usichanganye na Na. 4 ya miaka ya 1940. Hiyo ina kilengeo cha nyuma karibu na jicho la mpigaji, na mtutu wake unachomoza mbele ya mbao. Katika Na. 1, jina la baadaye la Short Magazine Lee-Enfield tunayoiiga, kilengeo cha nyuma kiko mbele ya bolti, juu ya mtutu, na pua ni butu. Kosa hili ndilo tunalolikuta mara nyingi kwenye michezo ya shule, na mzee aliyewahi kuishika bunduki hiyo analiona kutoka kiti cha mwisho.

Kama mchezo wenu ni wa mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi moja moja, baruti ya moshi, haina magazini. Msiwape Lee-Enfield isipokuwa katika matukio ya baada ya mapigano hayo, kwa sababu Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Waingereza pale.

2. Picha ya ukubwa halisi

Tafuta picha ya makumbusho iliyopigwa ubavuni, kutoka mbali. Picha ya simu iliyopigwa karibu hunenepesha katikati na kufupisha ncha, na ukiifuata utapata bunduki yenye tumbo. Ipeleke kwa wachapaji wa mabango, waambie urefu wote uwe milimita 1,130. Wakishachapa, pima wewe mwenyewe kwa futi kabla ya kulipa. Mashine nyingi hupunguza picha kidogo ili ienee kwenye karatasi, na asilimia tatu tu ni zaidi ya sentimita tatu.

Chapa nakala mbili: moja ya kukata violezo, nyingine ya kubandika ukutani.

3. Mbao

Bunduki halisi ina mbao za vipande viwili: kitako peke yake, na mbao ya mbele peke yake. Kati yake kuna soketi ya chuma. Nawe fanya hivyo hivyo, maana kipande kimoja kirefu hupoteza mbao nyingi na hujikunja.

Kwa bunduki moja unahitaji mbao ya mbili kwa sita yenye urefu wa milimita 500 kwa kitako, na ya mbili kwa tatu yenye urefu wa milimita 850 kwa mbele. Mninga ndio bora: rangi yake ya hudhurungi nyekundu inakaribia walnati iliyopakwa mafuta, na hautanuki ovyo. Mvule unafaa pia, lakini vumbi lake linawasha mapafu na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi unapopiga msasa. Mkongo ni mzito na huchosha patasi. Paini na saipresi ni za bei nafuu, ila kona zake hubonyea mwigizaji akiiangusha mara moja tu.

Sasa nyuzi za mbao. Kitako kinashuka kwa pembe kutoka kwenye shingo, pale mkono unaposhika. Ukilaza kiolezo sambamba na ukingo wa mbao, nyuzi zitakatisha shingoni na hapo ndipo kitavunjika. Inamisha kiolezo mpaka nyuzi zipite shingoni kwa urefu, hata kama unapoteza kona ya mbao. Hii ni sentimita chache za hasara dhidi ya kazi nzima.

4. Kuunga kitako

Toboa kitako na mbao ya mbele kwa kekee ya milimita 10, uingize fito la chuma lenye nyuzi, M10, urefu wa milimita 250: nusu kila upande, kwa epoksi ya mirija miwili. Gundi nyeupe ya mbao peke yake haitoshi. Askari wa jukwaani akiambiwa "shusha silaha", kitako kinapiga sakafu na mshtuko wote unaishia kwenye kiungo hicho. Acha epoksi ikauke usiku kucha hata kama pakiti inasema dakika tano.

Soketi yenyewe tengeneza kwa bati la alumini la milimita 1, likizungushwa shingoni na kubanwa kwa skrubu mbili ndogo upande wa chini.

Mbao ya mbele na kifuniko cha juu ya mtutu vichonge kwa gogo moja, kisha pitisha msumeno mwembamba kwa kina cha milimita 2 pembeni, kulia na kushoto. Mstari huo ndio unaomfanya mtu aamini kuwa ni mbao mbili.

5. Pua

Hapa tumia muda. Pua ya Lee-Enfield ina masikio mawili yaliyopinda nje ya kulinda kilengeo cha mbele, na chini ya mdomo kuna kirungu cha kushikia singe. Ichonge kwa mbao ngumu, lakini masikio usiyachonge humo, yatakatika wiki ya kwanza. Yakate kwa alumini ya milimita 2, uyachomeke kwenye mifuo na epoksi.

Wengine huchapa pua kwa mashine ya 3D. Ni sawa, ila si kwa plastiki ya PLA: inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na buti ya gari lililoegeshwa juani Dar au Mombasa inaweza kukaribia joto hilo. Tumia PETG au ABS.

Mdomo wa mtutu ni kipande cha fito la alumini lisilo na tundu, kipenyo milimita 16, urefu milimita 50. Toboa kwa kina cha milimita 10 tu kwa kekee ya milimita 8, upake rangi nyeusi ndani. Kipenyo cha kweli ni milimita 7.7, kwa hiyo jicho linaridhika. Usitumie kamwe bomba la chuma la maji. Uzito unaelemea mbele, na ukikutwa nalo barabarani hakuna polisi atakayekuelewa. Magobore hutengenezwa kwa mabomba hayo hayo.

6. Vilivyobaki

Bolti ichonge kwa mbao na uigandishe ikiwa imefungwa. Mkono wake ni fito la milimita 8 lililopindwa chini upande wa kulia, na kifundo cha droo mwishoni. Kinga ya kifyatulio ni bapa. Magazini ni bati lililokunjwa; lijaze misumari na epoksi. Lee-Enfield halisi ina karibu kilo 4, na ya mbao tupu hupungua sana hata mwigizaji akaizungusha kama fimbo. Bamba la kitako likate kwa shaba ya manjano ukipata.

7. Rangi

Mbao: msasa namba 80, 120, 180, kisha mafuta ya kitani mara tatu, siku moja kati ya kila mara. Vitambaa vyenye mafuta hayo hujipasha moto vyenyewe vikikunjwa na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje au vitie ndani ya maji.

Chuma cha kuigiza: praima, msasa namba 400, nyeusi isiyong'aa, halafu unga wa risasi ya penseli ukisuguliwa kwa kitambaa kikavu kwenye kona. Nyeusi inayong'aa huonyesha plastiki mara moja.

8. Kusafirisha

Beba kwenye mfuko uliofungwa, mdomo ukiwa na utepe wa rangi ya chungwa, pamoja na barua ya kikundi au shule. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inazitaja silaha za kuigiza zikitumiwa katika uhalifu, kwa hiyo usimwachie mtu nyumbani kwake. Mkifanya mazoezi au kupiga picha mahali pa wazi, mjulisheni mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo siku kadhaa kabla, na utepe utolewe pale tu kamera inapowashwa.