Kiwanja cha ndege cha pwani: anza na kaskazi na kusi, paa baadaye

Paa lenye umbo la tanga halimpozi abiria. Kinachompoza ni upepo na kivuli, na hivyo huamuliwa kwenye ramani ya kiwanja kabla jengo halijachorwa. Mfano wetu ni kiwanja kidogo cha kisiwani, latitudo ya Unguja.

Kusanya takwimu za upepo za miaka isiyopungua 5, vipimo 8 kwa siku. Mwongozo wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, unataka njia ya kurukia itumike asilimia 95 ya muda bila upepo wa ubavuni kuzidi kiwango. Kwa ndege zinazohitaji njia isiyofika mita 1,200, kiwango ni kilomita 19 kwa saa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, hivyo njia huelekea kulala kaskazini-kusini, kama ile ya Unguja. Hewa ya moto ni nyepesi na haibebi ndege vizuri: ongeza urefu kwa asilimia 1 kwa kila nyuzi juu ya 15. Kwa nyuzi 32, mita 1,000 huwa 1,170.

Hapa ndipo wengi hukosea. Jengo refu likilazwa sambamba na njia hiyo, kuta zake ndefu hutazama mashariki na magharibi, na jua la asubuhi na la alasiri huingia hadi ndani ambako kibaraza hakiwezi kulizuia. Ligawe jengo liwe mabanda kadhaa yaliyolala mashariki-magharibi, ncha fupi zikielekea ndege, yaunganishwe kwa njia zenye paa. Yaweke mashariki ya maegesho ya ndege. Pepo zote mbili zitapeleka moshi wa injini mbali na abiria.

Upana wa banda usizidi mita 12, dari ikiwa mita 3.5. Upana ukizidi mara 5 ya dari, upepo hufia katikati. Weka matundu ya kuingiza hewa usawa wa mtu aliyeketi barazani, na ya kutolea juu, upande wa pili, yawe makubwa zaidi. Kusi ikipokea zamu ya kaskazi pande hubadilishana, kwa hiyo kila ukuta mrefu uwe na matundu ya juu na ya chini, yenye vibao vya kufunga.

Kwa ukuta wa mita 3, jua la adhuhuri la Juni hutaka kibaraza cha mita 1.7 upande wa kaskazini. La Desemba, mita 0.95 kusini. Sisi tungejenga mita 2.5 pande zote, maana mvua ya masika huja kimshazari.

Makuti tuyaache: hushika moto, na vipande vyake hupeperukia kwenye injini. Tumia bati jeupe la alumini juu ya dari, katikati uwazi wa sentimita 25 unaopumulia kileleni. Skrubu ziwe za chuma cha pua zenye washa za mpira. Za chuma cha kawaida zikigusa alumini kwenye hewa ya chumvi, bati hutoboka kuzunguka kila skrubu.

Viyoyozi viwe kwenye vyumba vya mitambo na mashine za ukaguzi tu.

Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 2,000 ni lita 100,000. Chukulia utapata 80,000. Matangi yafunikwe, kwani bwawa wazi huita ndege wa porini. Miembe na mikuyu isipandwe karibu na njia: popo huifuata usiku, kunguru mchana.