Alama za kurudia kwenye nota za kwaya: ziweke hivi watu wasipotee njiani

Haya leo tuongelee kitu kinachoonekana kidogo ila kinaweza kuvuruga kwaya nzima, zile alama za kurudia, D.C. (rudi mwanzo), D.S. (rudi kwenye alama), Fine (mwisho), Coda (mkia wa wimbo) na ndugu zao. Mimi nachapa nota kwenye MuseScore 4, programu ya kompyuta ya kuandikia nota, hasa nyimbo za kanisani zenye kiitikio na mashairi, na hili nililijua baada ya aibu. Sikukuu moja nilichapa wimbo vizuri tu, sauti zote nne ziko sawa, ila maneno "To Coda" (yaani ruka uende kwenye mkia) niliyaweka mwanzoni mwa baa, kile kipande cha nota kati ya mistari miwili ya wima, badala ya mwishoni. Sauti ya kwanza wakaruka pale pale walipoyaona, besi wakamaliza baa ndo wakaruka, sauti ya tatu wakarudi kwenye kiitikio sijui kwa nini, mpiga kinanda akabaki anatafuta wa kumfuata. Baa moja tu hiyo.

Hatua ya 1: chora njia kabla hujagusa kompyuta

Chukua karatasi andika wimbo unavyoimbwa kweli: kiitikio, shairi 1, kiitikio, shairi 2, kiitikio, shairi 3, kiitikio, basi. Halafu jiulize maswali mawili, watu wanarudi wapi, na wanaishia wapi. Wakirudi mwanzo kabisa na kuishia mwisho wa kiitikio, hiyo ni D.C. al Fine, rudi mwanzo uimbe mpaka Fine. Kama kuna utangulizi wa kinanda ambao hutaki urudiwe, basi unahitaji D.S., na ile alama ya segno, S iliyokatwa kwa mstari, inakaa pale kiitikio kinapoanzia.

Coda tumia pale tu mwisho una nota ambazo hazijaimbwa popote. Naona watu wanaweka Coda kwa mbwembwe, wimbo wenyewe unaishia kwenye kiitikio kile kile.

Maneno yenyewe ni Kiitaliano, da capo ni kuanzia kichwani, dal segno ni kuanzia kwenye alama, coda ni mkia. Fine inasomwa fi-ne, maana yake mwisho, sio faini ya trafiki, na waambie wanakwaya hivyo maana kila mwaka lazima mmoja acheke.

Hatua ya 2: pa kufikia kushoto, pa kuondokea kulia

Hapa ndo penyewe. Alama za kufikia, yaani segno na ile alama ya Coda kwenye mkia wenyewe, zinakaa mwanzo wa baa upande wa kushoto. Alama za kuondokea au kuishia, yaani To Coda, D.C., D.S. na Fine, zinakaa mwisho wa baa upande wa kulia, kwa sababu mwimbaji anatakiwa amalize baa kwanza ndo aondoke. Zote juu ya stafu (ile mistari mitano ya nota) ya juu kabisa, usizifiche katikati ya sauti ya pili na ya tatu zikapigana na maneno.

Kwenye MuseScore bonyeza F9 paleti zifunguke, tafuta Repeats & Jumps, chagua baa unayotaka halafu bofya alama. Ukichukua humo yenyewe inajipanga upande wake. Shida inaanza pale mtu anapobonyeza Ctrl+T akaandika "D.S. al Fine" kwa mkono kama maandishi ya kawaida, kwenye karatasi inaonekana poa lakini programu haijui kama ni amri, haitaruka kitu wakati wa kucheza. Ukitaka maneno ya Kiswahili weka kwanza alama ya kwenye paleti, kisha ibofye mara mbili ubadilishe maandishi uandike hata "Rudia kiitikio", itaendelea kuruka vile vile.

Hatua ya 3: silabi za kunyanyulia

Hizi ni silabi zinazoimbwa kabla ya pigo la kwanza la baa kamili, wengi wanazikosea na kwa Kiswahili zinatusumbua zaidi, maana mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. "Njoni" inaanza na mkazo kwahiyo inaingia pigo la kwanza bila shida, lakini "msifuni" mkazo uko kwenye fu, na "tumwimbie" uko kwenye mbi, kwahiyo silabi mbili za mwanzo zinaingia kabla ya baa kuanza rasmi. Sasa kiitikio kikianza na pigo moja la kunyanyulia kwenye 4/4, baa ya mwisho kabla ya kurudi lazima iwe na mapigo 3, ukiiacha na 4 kila mkirudi mna pigo moja la ziada na ndo pale mwalimu anasema kwaya inachelewa kumbe mchapaji ndo kachelewesha.

Bofya kulia kwenye baa hiyo, ingia kwenye sifa za baa, punguza urefu wake halisi uwe 3/4, saini ya muda ibaki 4/4. Na segno, au mstari wa kuanzia kurudia, unakaa kabla ya zile silabi za kunyanyulia, sio baada yake. Ile baa fupi ya kunyanyulia itoe pia kwenye hesabu ya baa, namba zisije zikakudanganya mazoezini.

Hatua ya 4: mabano ya 1 na ya 2

Haya ni mabano ya juu ya nota yanayoonyesha miisho tofauti, la 1 unaimba mara ya kwanza, la 2 ukirudia. Chagua baa ya kwanza ya bano, shika Shift ubofye ya mwisho, ndo ubofye bano kwenye paleti, usipofanya hivyo litafunika baa moja tu. Mstari wa kurudia unafunga bano la 1. Bano la 2 linaanza baa inayofuata hapo hapo.

Hatua ya 5: mashairi matatu, na programu iimbe yote

D.C. al Fine peke yake MuseScore inaitekeleza mara moja tu, kwahiyo utasikia kiitikio, shairi 1, kiitikio, kwisha. Ninachofanya, naweka mstari wa kuanzia kurudia mwanzo wa kiitikio (kama ndo mwanzo wa wimbo hata usipouweka sawa), Fine mwisho wa kiitikio, na mstari wa kufungia mwisho wa shairi. Nabofya huo wa kufungia, nabonyeza F8 sifa zake zifunguke, Play count (idadi ya kucheza) naweka 3. Baa hiyo hiyo naongeza D.C. al Fine, au D.S. kama kuna utangulizi. Inaimba kiitikio na shairi mara tatu, halafu inarudi kumalizia kiitikio na kusimama kwenye Fine.

Ukiona baada ya kuruka hairudii sehemu uliyotaka irudiwe, ndivyo ilivyopangwa, bofya ile D.S. ingia F8 uweke tiki kwenye Play repeats (cheza marudio). Na kama hairudii chochote kabisa, angalia mipangilio ya kucheza pale juu, huenda umezima marudio mwenyewe.

Hatua ya 6: kabla ya kutuma PDF

Mkia (Coda) uanze mstari mpya, bofya mstari wa baa kabla yake kisha Enter, jicho lione haraka pa kutua. Angalia pia mtu akiruka anafunua kurasa ngapi, kurudi kurasa tatu nyuma huku ameshika fotokopi zisizobanwa ni mateso, bora upunguze ukubwa wa stafu kidogo zienee kurasa mbili zinazotazamana. Halafu bonyeza space usikilize mwanzo mpaka mwisho, bila kusogeza mbele, karatasi ya hatua ya 1 ikiwa mkononi, na ukimaliza mpe mtu ambaye hajawahi kuuimba afuate kwa kidole. Pale kidole kitakaposita, ndipo pa kurekebisha.