Jinsi ya Kujifunza Sehemu Kuu za Ubongo kwa Kutumia Kichwa Chako Mwenyewe

Kazi yangu ni kuwasaidia waliopooza kwa kiharusi kurudia kutembea, na wanafunzi ninaowaelekeza huja wakiwa wamekariri majina ya sehemu za ubongo bila kujua zilipo. Huwaomba wafunge madaftari, watumie viganja vyao, na waanzie chini, kwa sababu chini ndiko uhai wenyewe unakoshikiliwa.

Hatua ya kwanza: shina la ubongo. Weka vidole mahali shingo inapokutana na fuvu. Ndani, mbele ya hapo, ndipo lilipo shina linalounganisha ubongo na uti wa mgongo. Sehemu yake ya chini, medula, huendesha pumzi na mapigo ya moyo. Juu yake ipo ponsi, kisha ubongo wa kati, ambao husinyaza mboni za macho zinapomulikwa, na ndiyo maana daktari humulika macho ya mtu aliyezimia. Katika medula, nyuzi nyingi za neva za mwendo huvuka kwenda upande wa pili, hivyo kiharusi cha ubongo wa kushoto hulegeza mkono wa kulia. Usiendelee mpaka jambo hili limekukaa.

Hatua ya pili: serebela, yaani ubongo mdogo. Pandisha kiganja kidogo, chini ya kisogo. Serebela ni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa ubongo, ambao kwa mtu mzima hukaribia kilo 1.4, lakini ina seli za neva nyingi kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa. Haianzishi mwendo, bali huurekebisha ukiwa unaendelea. Gusa pua yako, kisha kidole cha mwenzako, urudie upesi: mwenye hitilafu ya serebela hupitiliza shabaha, na mkono wake hutetemeka kadiri unavyoikaribia. Tofauti na ubongo mkubwa, serebela huhudumia upande wake yenyewe wa mwili.

Hatua ya tatu: ubongo mkubwa. Kila nusu yake ina mapande manne, na kiganja chako kitayafikia yote. Kisogoni ni pande la kuona. Utosini, kuelekea nyuma, ni la mguso na la kutambua viungo vilipo hata macho yakiwa yamefumbwa. Penye panja, juu ya sikio, ni la kusikia, na ndani yake imo hipokampasi inayohifadhi kumbukumbu mpya. Nyuma ya paji la uso ni pande la kupanga, kujizuia na kuamuru misuli. Mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alichunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa akielewa maneno lakini akitamka silabi moja tu, “tan”, akakuta jeraha katika pande hili, upande wa kushoto.

Katikati kabisa, pasipofikiwa na kiganja, thalamasi hupokea na kusambaza taarifa za hisia, na haipothalamasi husimamia joto la mwili, njaa na kiu.

Hatua ya nne: anza na dalili, urudi nyuma. Chora kichwa kitupu. Mtu ana nguvu kamili, lakini huyumba kuelekea kulia na mkono wake wa kulia hupitiliza shabaha. Weka alama palipo na hitilafu. Anayeiweka kushoto ameisahau serebela, nami humrudisha hatua ya pili.