Peni ya Edward I au Edward II: jinsi ya kujua ilitengenezwa kwa askofu gani

Watu wengi wakishika peni, ile sarafu ndogo ya fedha, ya Edward I mfalme wa Uingereza au ya mwanawe Edward II, wanaishia kwenye sura ya mfalme na taji lake, wanasema hii ni ya mfalme, basi. Kumbe Uingereza ya enzi zile kuna maaskofu walikuwa na haki ya kufua sarafu, yaani kuzitengeneza, na faida inaingia kwao, ila sura lazima iwe ya mfalme, kwa hiyo askofu unamtafuta kwenye vialama.

Tafuta lenzi ya kukuza mara 10 na taa moja, ilaze ubavuni, maana mwanga wa juu unafuta kila kitu. Na peni usiisugue jamani! Hata dawa ya meno usijaribu, unakwangua alama yenyewe.

Anza na nyuma. Utaona msalaba mrefu, vidoti vitatu kila pembe, na jina la mji. CIVITAS DVREME ni Durham, hiyo V isome U. Ukishajua ni Durham geuza mbele uangalie juu ya taji pale maandishi yanapoanzia, ukikuta msalaba ambao ncha zake zimepasuka mbili zikajikunja huku na huku huyo ni Antony Bek, aliyefariki 1311. Simba pamoja na yungiyungi ni Lewis de Beaumont, aliyekalia kiti cha uaskofu hadi 1333. Katikati yao kuna Richard Kellawe (1311-1316), na huyu ndo mjanja wao, alama yake iko nyuma, mkono mmoja wa ule msalaba mrefu umepindwa ukawa fimbo ya kiaskofu. Kellawe na Beaumont ni wa baada ya Edward I, peni zao ni za enzi ya Edward II, ila mtindo ni uleule. Msalaba wa kawaida usikuchanganye, kiti kikiwa wazi au mfalme akishanyang'anya mali za uaskofu (Bek yalimkuta hayo, aligombana sana na Edward) watu wa mfalme ndo walisimamia ufuaji.

York ni rahisi zaidi. Imeandikwa CIVITAS EBORACI, ila pale mfalme naye alikuwa anafua zake, so angalia katikati kabisa ya msalaba wa nyuma, kukiwa na kijiua cha petali nne ni ya askofu mkuu.

Halafu pima. Peni nzima ina kama gramu 1.4, ikiwa nyepesi sana na herufi zimekatika vichwa ujue kuna mtu wa zamani aliikata kingo aibe fedha, na hapo alama za Durham zinaweza kuwa zimeenda na kingo, ya York ndo inabaki.